Hatia na Hasara katika Filamu ya Kwaidan

Filamu ya kutisha huzeeka upesi kuliko filamu nyinginezo. Kilichomwogofya babu aghalabu humchekesha mjukuu, maana hila za kamera zimekwisha kujulikana, na mzuka uliokusudiwa kumtoa mtu jasho umegeuka kuwa mwigizaji aliyevaa nywele za bandia. Basi mtu akiuliza kama filamu ya namna hiyo ingali na uhai baada ya miaka sitini, kwa kweli anauliza maswali mawili. Je, bado inatisha? Na kama haitishi tena, kimesalia nini ndani yake?

Tutayatazama maswali hayo kwa kuchukua filamu moja tu, nayo ni Kwaidan, iliyoongozwa na Masaki Kobayashi wa Japani mwaka 1964 na kupewa Tuzo Maalumu ya waamuzi katika tamasha la Cannes mwaka 1965. Ina visa vinne, kila kimoja kikiwa na wahusika wake na mahali pake. Visa hivyo vilitolewa katika vitabu vya Lafcadio Hearn, aliyezaliwa Ugiriki mwaka 1850, akafika Japani mwaka 1890, akaoa huko na kufia huko mwaka 1904. Walimu wa lugha watapendezwa kujua kwamba visa vingi alisimuliwa na mkewe, Setsu, naye Hearn alimtaka asimsomee kitabuni bali asimulie kwa maneno yake mwenyewe. Hivyo masimulizi ya Kijapani yaliingia katika Kiingereza, kisha yakarudi kwao kwa njia ya filamu. Safari hiyo pekee yastahili makala yake.

Tuanze na yaliyochakaa. Filamu ni ndefu, karibu saa tatu, na mwendo wake ni wa polepole mno kwa mtazamaji wa leo. Mandhari mengi yalijengwa ndani ya jumba na anga likachorwa kwa rangi. Katika kisa cha pili kuna macho makubwa angani, nayo yanaonekana wazi kuwa ni macho ya kuchorwa. Hatudhani Kobayashi alitaka yaonekane vinginevyo. Kilichobaki na nguvu yake yote ni sauti. Toru Takemitsu, mtunzi wa muziki, alitumia mlio wa mbao zinazopasuliwa, na mahali pengine aliondoa sauti kabisa, hata mtu anakimbia na kuanguka bila kusikika. Ukimya ule haujazeeka.

Lakini uzito wa filamu hii hauko katika vitisho. Uko katika namna inavyoipima hatia. Kisa cha kwanza ni rahisi kukiamua. Samurai maskini wa Kyoto anamwacha mkewe mfumaji ili aoe katika nyumba yenye cheo. Miaka inapita, anajuta, anarudi, anapokewa bila lawama. Kunapokucha anajikuta amelala kando ya mifupa yenye nywele nyeusi ndefu. Alitenda, akalipwa. Majuto yake yalikuwa ya kweli, ila yalichelewa, na hakuna atakayelalamika kwamba ameonewa.

Kisa cha pili hakikubali hukumu ya haraka namna hiyo. Minokichi, kijana mkata kuni, anakwama kibandani na mzee mmoja katika dhoruba ya theluji. Mwanamke wa theluji anamwua mzee kwa pumzi yake, lakini kijana anamwonea huruma na kumwacha kwa sharti moja: asimwambie mtu yeyote alichokiona. Akisema, atakufa. Baadaye anaoa msichana aitwaye Yuki, wanazaa watoto watatu, wanaishi kwa raha. Usiku mmoja, mke akishona karibu na taa, mume anamtazama, anaikumbuka sura ile, anasimulia. Mke ndiye yule yule.

Je, ahadi iliyotolewa kwa hofu ya kufa ina nguvu ya kumfunga mtu? Waliozoea kufundisha ngano wanayajua masharti ya namna hii: usifungue chumba kile, usitaje jina lile. Aghalabu hatuulizi kama sharti ni la haki. Mwenye kulivunja huhesabiwa mkosaji, na somo likaishia hapo. Sisi tunaona kwamba Minokichi hakufungwa. Ahadi ni tendo la hiari, na mtu aliyewekewa mauti mbele ya uso wake hana hiari. Wapo watakaojibu kwamba alipewa uhai badala yake, na kwamba matunda ya uhai huo ameyala miaka mingi. Hoja hiyo si dhaifu. Hata hivyo, anayekuachia kilicho chako hajakupa zawadi, na uhai wa Minokichi ulikuwa wake kabla mwanamke yule hajaingia kibandani. Tena alimwambia nani? Mkewe, ambaye kumficha siri ni kosa la namna nyingine.

Mwanamke mwenyewe ni kama anayelijua jambo hilo, maana hamwui. Anamsamehe kwa ajili ya watoto, kisha anatokomea thelujini. Minokichi anazichukua ndara alizomsukia mkewe, anaziweka nje juu ya theluji, nazo zinatoweka. Hakuna hukumu iliyotolewa pale. Mtu hana hatia, na nyumba haina mke.

Kisa cha tatu kinakwenda mbali zaidi. Hoichi ni kipofu apigaye biwa, ala ya nyuzi, huku akighani utenzi wa vita vya Dan-no-ura vya mwaka 1185, ambamo ukoo wa Heike uliangamia baharini pamoja na mfalme wao mtoto. Mizimu ya Heike inamwita usiku baada ya usiku awaghanie maangamizi yao wenyewe. Watawa wa hekalu, wakitaka kumwokoa, wanamwandika maneno matakatifu mwilini ili asionekane, lakini wanayasahau masikio. Mzimu unayaona masikio peke yake, unayang'oa. Hoichi hakuvunja ahadi yoyote. Kosa ni la waliomlinda. Wala waliomwita si waovu: ni wafu wanaotaka kusikia habari yao ikighaniwa vizuri, shauku ambayo mshairi yeyote angependa kuiona katika hadhira yake.

Kobayashi alikuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, akakataa kupandishwa cheo. Kabla ya Kwaidan alitengeneza The Human Condition (1959–1961), filamu ya sehemu tatu juu ya mtu anayejitahidi kubaki mwema ndani ya vita. Haishangazi kwamba hakuamini kuwa adhabu huwafikia wanaoistahili.

Ilinganishwe na Tales from the Crypt, filamu ya Uingereza ya mwaka 1972 iliyoongozwa na Freddie Francis, ambayo nayo ni mkusanyo wa visa. Humo watu watano wanakutana chini ya makaburi, na kila mmoja anaonyeshwa uovu na malipo yake. Inafurahisha hata leo. Lakini ikimalizika, hesabu imefungwa, na mtazamaji ambaye hajaua mtu anakwenda kulala salama. Kwaidan inamnyima usingizi huo, kwa kuwa kila kisa kinapunguza hatia bila kuipunguza hasara.

Katika kisa cha nne hatia imekwisha kabisa. Kannai, mtumishi wa bwana mmoja, anauona ndani ya bakuli uso wa mtu asiyemjua ukitabasamu. Anamwaga, anateka tena, uso upo. Mwishowe anakunywa. Mwenye uso anamjia usiku, kisha wanakuja watumishi wake watatu, na hapo kisa kinakatika, kwa sababu mwandishi wake hakukimaliza. Kannai alikosa nini, zaidi ya kuwa na kiu? Mchapishaji anakwenda kuuliza habari za mswada, hamkuti mwandishi. Wanachungulia mtungi wa maji, naye yumo ndani, akiwaashiria waje.