Mahali pa Kutua Mzigo

Misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, ikiisha kuvuka nyika ya Mgunda Mkali, ilifika Tura, kijiji cha mpakani mwa Unyamwezi. Mwingereza Burton, aliyepita mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni "tua mzigo". Mpagazi alitua, akalala. Kesho yake alijitwika tena, lakini alijua aendako.

Mkimbizi hajui. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji kwao. Waliofika kwetu walipewa mashamba Ulyankulu, katika mkoa huu wa Tabora, na Katumba na Mishamo. Wengine walikimbilia kwanza Rwanda na Kongo, na vita vya huko vilipozuka katika miaka ya 1990 wakatwikwa mara ya pili, wakaingia kambi za hapa kwetu. Katika hao, watu zaidi ya 8,000 walichukuliwa Marekani tangu mwaka 2007, wakae huko daima. Ndiyo iitwayo nchi ya tatu: si ile aliyoikimbia mtu, wala ile aliyoikimbilia.

Je, akubaliye kwenda mbali hivyo ameikana nchi yake? Wako wasemao hivyo. Nadhani hawajapata kulala na viatu miguuni. Yusufu alikaa Misri hata kufa, akaitumikia kwa uaminifu, naye aliagiza mifupa yake ichukuliwe Kanaani. Misri haikuibiwa kitu.

Swali zito ni lingine. Mapatano ya wakimbizi ya mwaka 1951 yakataza kumrudisha mtu hatarini, walakini hayampi haki ya kupelekwa nchi ya tatu. Nchi hiyo huchagua, na wachaguliwao kwa mwaka hawafiki mmoja katika mia ya wakimbizi wote wa dunia. Basi husemwa: hii ni hisani, apewaye ashukuru na kunyamaza. Hapo sikubali. Kumfungulia mtu mlango ni hisani kweli. Lakini akiisha kuambiwa "hapa ni pako", ana haki ya kuketi bila kutazama uso wa mwenyeji kila asubuhi ajue kama bado anatakiwa.

Wala tusiwaangalie Wamarekani peke yao. Warundi wa makazi yale matatu walipoulizwa kama watarudi kwao au watakuwa raia hapa, wanne katika watano walichagua kubaki. Mwaka 2010 watu kama 162,000 walikubaliwa uraia, lakini kwa sharti la kuhama makazi yale wakakae mikoa mingine. Vyeti vikakawia mpaka mwaka 2014, sharti lile lilipoachwa. Fikiri mkulima wa Ulyankulu katika miaka ile minne, ameandikwa kuwa mwenyeji, na wazazi wake wamezikwa palepale, naye amesimama shambani na jembe mkononi akijiuliza kama apande mwembe, au mahindi tu.