Chombo cha Kuazima: Tashkota ya Mombasa, Hevi Metali ya Japani na Suala la Uaminifu kwa Mapokeo

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umelijadili kwa muda mrefu suala la fani na maudhui. Wako waliozifananisha na kikombe na chai iliyomo, kwamba kimoja chaweza kuondolewa na kingine kikabaki. Na wako waliozifananisha na pande mbili za sarafu moja, zisizotengana. Mifano yote miwili, hata hivyo, huchukulia kwamba kikombe na chai ni vya nyumba moja. Hali hubadilika pale kikombe kinapotoka kwa jirani. Hapo suala huacha kuwa la kisanaa tu, likawa la kimaadili: je, msanii anayetia urithi wa wahenga wake katika chombo cha watu wengine huwa ameuhifadhi au ameuuza? Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kuitazama taarabu ya kisiwa cha Mombasa na kuilinganisha na hevi metali ya Japani, yaani muziki wa roki wa magitaa ya umeme yenye sauti nzito ya kukwaruza, ambao baadhi ya wanamuziki wa huko wameufanya chombo cha fasihi na mapokeo yao.

Ulinganisho huo si wa kubahatisha. Ala mojawapo inayoitambulisha taarabu ya Mombasa ni tashkota, na asili ya tashkota ni Japani. Ilibuniwa mjini Nagoya mwaka 1912 na Morita Goro, aliyeweka juu ya nyuzi vibonye vilivyofanana na vya taipureta, mashine ya Kimagharibi. Jina lake la asili, taishogoto, limetokana na enzi ya Taisho iliyoanza mwaka huo huo. Ala hiyo ilienea hadi Bara Hindi na pwani ya Afrika Mashariki, na jina lake likafuata ulimi wa Waswahili. Mombasa ikaungwa na umeme, na katika nyimbo za Zuhura Swaleh ikachukuana na mapigo ya chakacha. Aliyeisikia harusini, iwe Mji wa Kale au Ganjoni, hakuona kwamba anasikia ala ya Kijapani. Alisikia harusi ya Kimvita.

Kuazima ala, hata hivyo, ni jambo jepesi likilinganishwa na kuazima mahadhi. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014, alijipatia sifa kubwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Mengi ya mashairi hayo yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyochapishwa mwaka 1971. Wako waliouona mtindo huo kuwa ni uigaji mtupu. Kwa upande wa pili alisimama Zein l'Abdin wa Lamu, bingwa wa udi, aliyesifika kwa kuyafufua mahadhi ya zamani na kuyaimba mashairi ya kale. Aliyemtungia baadhi ya nyimbo ni Ahmed Sheikh Nabhany, yule yule aliyevipa vitu vya kigeni majina yenye mizizi ya Kiswahili, kama vile runinga. Nabhany alikipokea kitu kigeni akakivika neno la kwao; Bhalo alilichukua neno la kwao akalivika mahadhi ya kigeni. Ni nani kati yao aliyekuwa mwaminifu zaidi?

Kabla ya kujibu, inafaa kuitazama Japani. Kundi la Ningen Isu, lililoundwa mwaka 1987 na vijana waliotoka Hirosaki, lilichukua uzito wa muziki wa Black Sabbath wa Birmingham, likautia hadithi za kutisha na fasihi ya Kijapani. Jina lake lina maana ya "kiti cha binadamu", nalo ni la hadithi fupi ya Edogawa Rampo ya mwaka 1925. Rampo mwenyewe aliliunda jina lake la kiuandishi kwa kuufuata mlio wa jina la Edgar Allan Poe. Kundi jingine, Onmyo-Za, lililoanza mwaka 1999, huimba juu ya mazimwi ya simulizi za kale. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba katika kazi za Ningen Isu gitaa halibaki lilivyokuwa: mara nyingine hupigwa kwa namna inayouiga upigaji wa shamisen wa eneo la Tsugaru, na lahaja ya eneo hilo husikika katika baadhi ya nyimbo. Chombo cha kuazima kimefundishwa lafudhi ya nyumbani.

Mtetezi wa usafi wa mapokeo atasema kwamba shamisen ndiyo ya Wajapani, na gitaa ni la wageni. Lakini shamisen nayo ilitokana na ala ya Kichina iliyopitia visiwa vya Ryukyu katika karne ya 16. Udi wa Zein l'Abdin nao ulitoka Uarabuni. Anayeutafuta usafi kwa kurudi nyuma hafiki kwenye chemchemi. Hufika kwenye bandari nyingine. Ni kweli kwamba hoja hii inaweza kutumiwa vibaya. Yuko atakayesema kwamba, maadamu kila kitu kiliazimwa, hakuna kinachoweza kusalitiwa. Hitimisho hilo halifuati. Kwamba watu wote huazima hakumaanishi kwamba wote huazima kwa wema.

Urithi wa fasihi ni amana. Mwenye kupewa amana anaweza kuihamisha kutoka kasha moja hadi jingine, lakini hana ruhusa ya kuipunguza. Katika ushairi wa Kiswahili kipimo cha jambo hili kinajulikana. Shairi la kawaida lina mizani 16 katika mshororo, nane kwa kila kipande, na vina vya kati na vya mwisho. Mahadhi ya filamu hayakutungwa kwa hesabu hiyo. Mtunzi anaweza kulikata neno ili lienee, au kuijaza nafasi kwa maneno yasiyo na kazi. Hapo amana imepungua, hata kama mwimbaji amevaa kanzu na kofia. Anaweza pia kuyalazimisha mahadhi yavute silabi pale arudhi inapotaka, ili shairi likiondolewa katika wimbo lisimame peke yake. Kwa hiyo uaminifu hautambulikani kwa asili ya chombo, bali kwa kazi iliyofanywa pale viwili hivyo vilipokutana. Ambapo hakuna kilichopinda, kuna pambo tu.

Lipo deni la pili, nalo ni kwa mwenye chombo. Wengi wa wasikilizaji wa Mombasa waliijua filamu yenyewe. Waliokuwa wakimsikiliza Bhalo walisikia nyimbo mbili kwa wakati mmoja, na sehemu ya utamu ilikuwa hapo. Uwazi huo huutofautisha uazimaji na wizi, kwani mwizi hutegemea kutojulikana. Hata hivyo, kujulikana na wasikilizaji si sawa na kumpa haki mtunzi wa mahadhi aliyeko Bombay. Wema wa kisanaa haulifuti deni hilo, na mhakiki hapaswi kulifunika kwa sifa.

Yatokanayo na hoja hii yanaihusu kazi ya uhakiki wenyewe. Diwani iliyopigwa chapa husomwa darasani. Shairi lililomo katika kanda ya taarabu huhesabiwa kuwa burudani. Ikiwa uaminifu hupimwa pale neno linapokutana na mahadhi, basi anayesoma maandishi pekee hawezi kuutoa uamuzi, wala hawezi anayesikiliza ala pekee. Bhalo amekwisha kuondoka, na Zein l'Abdin alimfuata mwaka 2016. Kanda zao huchakaa, na waliokuwa wakiyajua mahadhi ya asili hupungua. Ubishi juu ya nani alikuwa halisi zaidi unaweza kusubiri. Kuyaandika mashairi hayo pamoja na mahadhi yake, na kulitaja kila chimbuko kwa jina, hakuwezi: hiyo ni amana iliyomo mikononi mwa wahakiki, nao wataulizwa juu yake.