Kifaranga Anapomkimbia Mlezi Wake

Katika nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama, kama katika nchi yetu nzima, mtoto hupewa kifaranga na kuambiwa, "Huyu ni wako." Mtoto humpa jina, humtafutia mchwa na chenga za mtama, humkumbatia wakati wa baridi. Kifaranga naye humfuata kila aendako. Lakini ikipita miezi miwili au mitatu, mambo hugeuka. Mtoto akinyosha mkono, rafiki yake huruka pembeni na kupiga kelele kana kwamba amemwona mwewe. Ndipo mtoto huuliza kwa uchungu: "Nimemkosea nini?"

Wengi hulicheka swali hili. Sisi twaona halistahili kuchekwa, kwa maana ndani yake mna jambo linalowahusu wakubwa kuliko wadogo: je, yule tuliyemlea akianza kutukwepa, ametunyima haki yetu?

Tuanze na maumbile. Yai la kuku huatamiwa kwa siku zipatazo 21. Kifaranga akiisha kuanguliwa, katika siku mbili za kwanza kile anachokiona kikitembea karibu naye humwingia moyoni kama muhuri, akakifuata kama mama. Akiwa ni tetea, vema. Akiwa ni mwanadamu, humfuata huyo. Mwaka 1873 Mwingereza Douglas Spalding alieleza jinsi alivyowafunika macho vifaranga tangu kuanguliwa kwao. Watatu, aliowafunua walipokaribia umri wa siku nne, walimwogopa mno wakamkimbia, ingawa hakuwa amewatendea ubaya wo wote. Kwa maoni yake, kama angaliwafunua siku moja kabla, wangalimkimbilia. Tazama basi jinsi kukimbilia na kukimbia kulivyotenganishwa na siku moja tu!

Hofu, basi, ina saa yake. Tetea mwenyewe, aliyewafunika wanawe kwa mbawa zake, huanza kuwadonoa na kuwafukuza baada ya majuma kadhaa, ili naye apate kutaga tena. Wakati huo mwewe huzunguka angani na kicheche hungoja kichakani. Kuku asiye na hofu hafiki mwaka wake wa kwanza. Hofu yake ni ngao aliyopewa na Muumba.

Hata hivyo si haki kuyatupia maumbile mzigo wote. Iko hofu nyingine, ambayo sisi wenyewe huifundisha. Tangu kifaranga akue, mkono wetu humjia kwa nadra, tena kutoka juu, kama ujavyo ukucha wa mwewe. Humjia ili kumfunga kamba, au kumtia jichoni tone la chanjo ya mdondo kila baada ya miezi mitatu, au kumpeleka sokoni. Mtoto aliyekuwa akikaa naye kutwa sasa yuko shuleni. Kuku haijui kalenda ya chanjo wala ratiba ya shule. Ajua tu kwamba mkono ukija, kuna jambo. Anayetaka kurudisha imani yake na achutame, aweke nafaka kiganjani, akae kimya, amwache kuku aje mwenyewe. Ikimlazimu kumkamata, asimkimbize mchana kutwa. Amchukue taratibu jioni akiwa kiguuni pake pa kulala, maana gizani kuku haoni vizuri wala hafadhaiki sana.

Je, kuku huyu hana shukrani? La. Shukrani ni deni la mwenye akili, aijuaye hisani kuwa ni hisani. Mnyama hakuahidi kitu, wala hawezi kuvunja ahadi. Lakini mtu aweza kusema: "Kama ndivyo, basi hata upendo wake wa kwanza haukuwa upendo, mtoto amepoteza taabu yake bure." Hapo ndipo tusipokubali. Kumpenda kiumbe ni kumtakia mema yake yeye. Na wema wa kifaranga ni nini, kama si kuwa kuku mzima, anayechakura, anayejilinda, anayetaga na kuatamia? Aliyemlea hata akafika hapo hakupoteza kitu, hata kama kuku hatageuka kumtazama.

Lakini wazazi nao wana deni. Katika nyumba nyingi kifaranga ni cha mtoto, ila jogoo ni wa baba. Mgeni akija, kisu hutoka, na mtoto hukuta manyoya uani. Hatusemi kwamba ni dhambi kuchinja kuku. Mwanadamu ameruhusiwa, na mgeni astahili heshima. Twasema kwamba neno "huyu ni wako" lilikuwa neno la mtu mzima. Kama halikuwa kweli, lisingalisemwa. Na kama lilikuwa kweli, mtoto angaliombwa kwanza. Kuku hakudanganywa, kwa kuwa hakuelewa. Mtoto alielewa. Vivyo hivyo, ruhusa ya kuchinja si ruhusa ya kutesa: kuwaning'iniza kuku vichwa chini kwenye baiskeli mwendo wa saa nyingi hadi mnadani hakuongezi bei yao hata senti moja.

Sasa tutazame makuzi ya wana wetu. Mwaka 1934 mvulana wa Butiama, Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito, aliacha nyumba ya mama yake Mgaya akaenda shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilometa zipatazo 40. Mwaka 1937 alikwenda Tabora. Baadaye Makerere, kisha Edinburgh. Kila hatua ilimweka mbali zaidi na meko ya mama. Hata hivyo, alipoacha urais mwaka 1985, alirudi kukaa Butiama, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1999. Kuku hawezi kurudi hivyo. Mwanadamu aweza, kwa kuwa hurudi kwa hiari, akijua alikotoka.

Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe wa miaka 14 ameanza kunyamaza mezani na kufunga mlango asikimbilie kusema, "Huyu amenikataa." Na ajiulize mambo mawili. Kwanza, je, huu si wakati wake wa kuota mbawa? Pili, je, katika miaka hii mkono wangu umemjia kwa nini: kwa kumpa, au kwa kumkamata na kumpiga tu? La kwanza lataka saburi. La pili lataka toba, tena bila kukawia.

Bwana wetu, akiulilia mji wa Yerusalemu, alijifananisha na kuku atakaye kuwakusanya wanawe chini ya mbawa zake, nao wasitake. Hakuwafunga kamba. Aliendelea kuwapenda.

Basi mtoto akija kuuliza amemkosea nini kuku wake, asichekwe. Aambiwe kweli: "Pengine hukumkosea. Umemlea vema, sasa amekua. Chukua mtama, chutama, umngoje." Nasi tuliomjibu tufanye vivyo hivyo kwa wana wetu.