Miaka Mia ya Harry Stewart

Harry Stewart alifariki dunia Michigan, Marekani, tarehe 2 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 100. Taazia nyingi zilizomuaga zilianzia mahali pamoja: anga ya Austria, 1 Aprili 1945. Zilikaa huko aya kadhaa, kisha zikamaliza safari mbio. Shahada yake ya uhandisi mitambo na kazi ya miaka mingi baada yake vikapewa sentensi moja, mbili zikizidi.

Ukipima kwa kalenda, huo ni mgawo wa kushangaza. Vita vilimchukua miezi. Uhandisi ulimchukua miongo. Tunaposema tunamkumbuka mtu, basi, tunamkumbuka yeye au tunakumbuka saa fulani alizozipitia?

Siku yenyewe, kweli, si ya kuruka. Stewart alikuwa kijana wa miaka 20, rubani wa Kundi la 332, kikosi cha marubani weusi waliofunzwa Tuskegee, Alabama, kwa kuwa jeshi la Marekani wakati huo liliwatenga weusi na weupe. Ndege zao, P-51 Mustang, zilipakwa rangi nyekundu mkiani. Karibu na mji wa Wels walikabiliana na ndege za Wajerumani. Mbili Stewart aliziangusha kwa risasi. Ya tatu ilikuwa mgongoni kwake, ikimfukuza. Akakata kona kali chini kabisa, na rubani Mjerumani aliyejaribu kumfuata akashindwa kuimudu, akajibamiza ardhini. Zikahesabiwa tatu, akatunukiwa nishani ya Distinguished Flying Cross. Mwenzake, Walter Manning, alitunguliwa siku hiyohiyo, akashuka kwa mwavuli, akakamatwa. Siku chache baadaye umati ulimnyonga karibu na Linz.

Nani angeanza taazia mahali pengine?

Tabia hii ni ya kale. Herodotus anasimulia kwamba Croesus, mfalme wa Lydia, alimwonyesha Solon wa Athens hazina zake, kisha akamuuliza nani mwenye heri kuliko watu wote, akitarajia kutajwa yeye. Solon akamtaja Tellus, raia wa Athens aliyewaona wajukuu zake na kufa kishujaa vitani. Mfalme alipokasirika, Solon akapiga hesabu: miaka 70 ya binadamu ni siku 26,250, na hakuna hata moja inayofanana na nyingine, kwa hiyo usimwite mtu mwenye heri kabla hujauona mwisho wake. Hoja nzito. Lakini mzee huyohuyo anayetaka siku zote zihesabiwe, alipotakiwa kutoa mfano, alimkabidhi Tellus kwetu akiwa uwanja wa vita.

Sababu moja ya tabia hii ni kwamba masimulizi hula mabadiliko, na kazi ya mhandisi wa bomba la gesi, kama alivyokuwa Stewart, ni kuzuia mabadiliko. Viungio vilivyochomelewa hupigwa eksirei kabla bomba halijafukiwa. Chuma hukingwa na kutu kwa mkondo mdogo wa umeme. Njiani hujengwa vituo vya kuongeza shinikizo ili gesi isipoteze mwendo. Yote yakienda sawa, mtu anaamka asubuhi ya baridi, anawasha jiko, anabandika chai, wala haulizi lolote. Bomba likilipuka, magazeti yanajaa. Stewart alistaafu akiwa makamu wa rais wa kampuni ya ANR Pipeline, Detroit, katika fani ambayo ufanisi wake haumpi mwandishi pa kuanzia.

Kuna atakayepinga: tendo moja la hatari hufichua tabia ambayo miaka 30 ya ofisini ingeificha. Ana hoja, ila Aristotle angemsumbua, maana kwake wema ni mazoea, hujengwa kwa kutenda tena na tena. Kona ile ya Wels ilitoka katika mazoezi ambayo hakuna aliyeyapiga picha. Na kama ni tabia tunayoitafuta, kuna ushahidi mzito zaidi. Baada ya kuondoka jeshini mwaka 1950, Stewart aliomba kazi ya urubani kwa mashirika makubwa ya ndege. Akakataliwa kwa sababu ya rangi yake, rubani mwenye misheni 43 za vita. Akarudi darasani, akapata shahada yake Chuo Kikuu cha New York mwaka 1963, akikaribia miaka 40. Kukaa na vitabu vya hesabu katika umri huo, huku ndege ulizokatazwa kuzirusha zikikupitia juu ya kichwa, ni ujasiri usiokuwa na nishani.

Kwamba kumbukumbu hupenda dakika za ushindi haimaanishi kwamba huzipenda zote. Mei 1949 jeshi la anga lilifanya mashindano yake ya kwanza ya kulenga shabaha, Las Vegas. Stewart, Alva Temple na James Harvey, wakirusha P-47 za propela, walishinda katika daraja lao. Wakapigwa picha na kikombe kikubwa cha fedha. Kisha kikombe kikatoweka, na orodha ya kila mwaka ya washindi ikaandika kwamba mshindi wa 1949 hajulikani. Hajulikani, ilhali picha zipo! Kosa hilo lilisahihishwa mwaka 1995. Kikombe kilipatikana mwaka 2004 katika ghala la makumbusho ya jeshi la anga, Dayton, Ohio, na bamba la heshima likawekwa kambi ya Nellis, hukohuko Las Vegas, Januari 2022, Stewart akiwa na miaka 97.

Uonevu ule ulirekebishika kwa sababu kulikuwa na orodha, mstari wake ulikuwa wazi, na watu walio hai waliudai. Miaka ya mabomba haikuwahi kuwa na mstari wa kudai. Anayetaka kuisimulia itambidi aende kwenye michoro, mikataba na ripoti za ukaguzi, karatasi ambazo kampuni huzitunza kwa ajili ya usalama na kodi, na aamue mwenyewe ni Jumanne ipi kati ya maelfu inayofaa kuwa mwanzo.