Kaeni Chumbani Hadi Wimbo Uje

Masomo: 1 Mambo ya Nyakati 25:6-8, 2 Mambo ya Nyakati 5:11-14, Matendo 1:12-15



Wiki hii nataka tuongee juu ya kazi ambayo watu hawaioni. Mfano wangu najua utawafanya wengine wakunje uso. Nimemaliza kutazama filamu ya Peter Jackson inayoitwa The Beatles: Get Back, iliyotoka mwaka 2021. Si ya kuigiza, ni matukio yenyewe yalivyopigwa picha London mnamo Januari 1969. Iko na sehemu tatu, karibu saa nane nzima.

Mtu atauliza, "Pasta, bendi ya roki inatafuta nini madhabahuni?" Swali zuri. Sileti maisha ya wale vijana kama kielelezo cha utakatifu. Lakini Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 16, alimchukua wakili dhalimu akatufundisha kwa werevu wake. Na Paulo kule Athene aliwajua washairi wa Wayunani, akawatumia kuhubiri. Basi hebu tuingie darasani.

Kuna asubuhi moja John Lennon hajafika. Paul McCartney amekaa na gitaa lake la besi, hana wimbo. Anapiga mdundo uleule, anarudia, anarudia tena. Mdomoni anatoa sauti tu, hakuna maneno. George Harrison anapiga miayo. Ringo Starr anatazama. Dakika chache baadaye, ndani ya ile kelele, unaanza kusikia wimbo ambao dunia nzima iliujua baadaye. Na haukuwa umekwisha, ng'o! Walikaa nao karibu wiki tatu, wakibadilisha maneno, wakiurudia, wakichoka, wakiurudia tena.

Siku nyingine George amekwama na wimbo wake, neno moja linakataa kuja. John anamwambia aweke neno lolote kwa sasa, hata koliflawa, mpaka lile lenyewe lije. Ule wimbo, Something, ulitoka Septemba mwaka huohuo.

Watu wa Mungu, sisi tunapenda wingu la utukufu lakini hatupendi koliflawa. Tunafunga na kuomba Ijumaa, Jumamosi mazoezini hatuendi, Jumapili tunataka moto ushuke. Ukisoma 1 Mambo ya Nyakati 25 utaona waimbaji wa Daudi walikuwa 288, na Biblia inasema walikuwa wamefundishwa, wana ustadi. Hao ndio msingi wa lile tunalosoma katika 2 Mambo ya Nyakati 5, wakati nyumba ya Bwana ilijaa wingu hata makuhani wakashindwa kusimama. Lile wingu tunalipigia makofi. Miaka ya mazoezi nyuma yake, nani anaipigia makofi? Upako haujawahi kuchukua nafasi ya mazoezi. Mwambie jirani yako, "Njoo Jumamosi!"

Lakini kuna jambo lililonigusa zaidi, na hapa nawaomba msikie vizuri.

George alikuwa na nyimbo. Lakini bendi ilizoea nyimbo za John na Paul, na zake zilisubiri foleni. Alileta mmoja unaoitwa All Things Must Pass, wakaujaribu, wakauacha. Tarehe 10 Januari, wakati wa chakula cha mchana, aliwaambia anaondoka kwenye bendi. Hakupindua meza. Alienda tu. Wenzake walirudi kupiga muziki mchana uleule, kwa kelele na hasira, na John akataja jina la mpiga gitaa mwingine wa kushika nafasi yake.

Mwaka 1970 George alitoa albamu yake mwenyewe. Ilikuwa na santuri tatu ndani, na jina lake lilikuwa lilelile la wimbo uliokataliwa.

Wapendwa, kanisani kuna akina George. Ni yule dada anayeandika tenzi kwenye daftari na hajawahi kuulizwa. Ni yule kijana wa gitaa anayeambiwa kila wiki, "Tutaona wiki ijayo." Hawa hawagombani na mtu. Siku moja unaona tu kiti kiko wazi. Na sisi haraka tunasema, "Mungu atainua mwingine." Kumbe Mungu alikuwa ameshainua, ni sisi hatukusikiliza! Katika lile somo la kwanza walipiga kura ya zamu kwa usawa, mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi. Hakuna aliyewekwa nyuma ya foleni kwa sababu ya jina la mwingine.

Nawasifu wale watatu kwa jambo moja. Walimfuata George. Kikao cha kwanza hakikufaulu. Wakakaa naye tena, wakakubali kuhama lile jumba kubwa la baridi la Twickenham, na George akarudi.

Kisha tarehe 22 Januari akaingia Billy Preston. Huyu alikuwa mtoto wa kanisa, ambaye tangu utotoni alipiga kinanda nyuma ya Mahalia Jackson. Walikuwa wamefahamiana naye Hamburg mwaka 1962. Akakaa kwenye kinanda, akaanza kupiga, na unaona nyuso zinabadilika. Watu wanatabasamu. Mnajua mgeni akiingia nyumbani, baba na mama waliokuwa wamenuniana wanaanza kuongea kwa adabu! Jina lake lilichapishwa kwenye santuri ya Get Back pamoja na lao. Sasa kama kijana mmoja wa kinanda anaweza kubadilisha hewa ya chumba, je, Roho Mtakatifu, ambaye wala si mgeni bali ndiye mwenye nyumba?

Tarehe 30 Januari walipanda juu ya paa la ofisi yao, katikati ya baridi ya London, wakapiga muziki mpaka polisi wakaja. Ilikuwa mara yao ya mwisho kupiga pamoja mbele ya watu. Kufikia 1970 bendi ilikuwa imevunjika. Walikuwa na kipawa, na kazi waliifanya. Lakini kilichowashika pamoja kilikuwa muziki, na muziki peke yake haukutosha kuwashika.

Sisi tumeshikwa na Damu. Angalieni hesabu hii. Waliopiga tarumbeta siku ile ya wingu walikuwa makuhani 120. Waliokuwa pamoja katika Matendo 1 walikuwa kama 120. Na hawakuwa watu wasio na vidonda! Petro aliyemkana Bwana alikuwemo. Ndugu zake Yesu, ambao hapo awali hawakumwamini, walikuwemo. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuondoka, au ya kumfukuza mwenzake. Wakakaa. Na Pentekoste ikawakuta pamoja.

Kwa hiyo wiki hii nawapa kazi mbili. Ya kwanza, rudi kwenye lile jambo uliloacha nusu kwa sababu halikuwa zuri mara moja, iwe ni wimbo, ni somo la watoto, au ni maombi ya asubuhi na familia. Lifanye hivyo hivyo, na koliflawa yake, Bwana akutane nawe njiani. Ya pili, mtafute George wako. Usimtumie ujumbe wa jumla kwenye kikundi. Piga simu, nenda kwake, unywe chai, umuulize, "Ulikuwa na wimbo gani?" Kisha nyamaza umsikilize. Kikao cha kwanza kikikataa, rudi tena.

Tuombe. Baba, tupe mikono isiyochoka na masikio yanayosikia. Uwarudishe walioondoka kimya kimya, na utufanye watu wanaostahili kurudiwa. Utukute pamoja. Katika jina la Yesu, amina.