Haki ya Mtoto Katika Lugha

Katika mambo yaliyozuka katika miji yetu ya pwani, na ambayo hatuoni watu wakiyazungumza kama ipasavyo, ni hili la lugha wanayolelewa nayo watoto wetu. Leo katika baadhi ya nyumba za Mombasa utamsikia mama, ambaye yeye na mamake na nyanyake wote wamezaliwa na Kiswahili, akimsemesha mwanawe kwa Kiingereza peke yake, toka kuamka hata kulala. Mtoto akijibu kwa Kiswahili hukatazwa. Nyanya ajapo kumzuru mjukuu wake hukaa kama mgeni: amuulize nini, naye amjibu nini? Wala wazazi hao si watu wabaya. Wafanya hivyo kwa mapenzi, na kwa kudhani kuwa wamfungulia mtoto mlango wa riziki.

Basi swali letu ni hili: Je, mzazi ana haki ya kumnyima mwanawe lugha ya wazee wake kwa sababu ya kumtakia heri? Sisi twasema kuwa hana, na twaomba msomaji azipime hoja zetu kabla ya kuzikubali au kuzikataa.

Kwanza yatupasa tuwe waadilifu kwa wanaosema kinyume chetu. Wao husema kuwa Kiingereza ndicho ufunguo wa skuli, na maneno yao ni kweli. Mtihani wa kumaliza skuli za msingi, uliofanywa toka mwaka 1985 hata 2023, uliandikwa kwa Kiingereza katika kila somo isipokuwa Kiswahili chenyewe. Masomo ya sekondari na ya juu yake ni kwa Kiingereza, na kazi nyingi za afisini ni hivyo hivyo. Asiyekijua hufungiwa milango mingi, na sisi watu wa pwani twaujua uchungu wa kufungiwa. Wako katika wazee wetu waliowazuia watoto wao na skuli, kwa kuwa nyingi zilikuwa mikononi mwa wamishonari, wakachelea dini yao. Khofu yao ilikuwa na sababu, lakini matunda yake yalikuwa machungu. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, wengi katika vijana wetu hawakuwa na elimu iliyotakiwa.

Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, aliliona jambo hili mapema. Katika magazeti yake, Sahifa la mwaka 1930 na Al-Islah la mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu watafute elimu ya zama zao bila ya kuiacha dini yao. Na hilo Al-Islah alilitoa kwa Kiswahili na kwa Kiarabu pamoja. Kabla yake na yetu sote, Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili amwandikie na kumsomea barua zao. Basi kujifunza lugha ya wengine si aibu wala si dhambi. Na anayesema kuwa Kiingereza ni haramu kwa kuwa ni lugha ya Wazungu, huyo hana dalili.

Lakini kuongeza ni jambo moja, na kuondoa ni jambo jengine. Zaid alipojifunza maandishi yale hakuambiwa asahau Kiarabu. Mzazi ampaye mwanawe Kiingereza amempa mali. Mzazi amnyang'anyaye Kiswahili ili ampe Kiingereza amechukua mali isiyokuwa yake. Kwani lugha ya wazee si milki ya baba na mama hata waitupe wapendapo. Wao waliipokea kwa waliowatangulia, nayo ni amana mikononi mwao hata wawafikishie watakaokuja.

Huenda mtu akasema: lugha ni chombo tu, na chombo kikipatikana kilicho bora, cha zamani huachwa. Twamjibu kuwa lau lugha ingalikuwa chombo kitupu tungalikubaliana naye. Lakini ndani ya lugha mna watu. Mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi wa kumuusia juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Mama alikuwa mgonjwa, akataka nasaha zake zibaki baada yake. Akautunga kwa Kiswahili, ukahifadhiwa kwa herufi za Kiarabu. Leo msichana wetu aliyelelewa kwa Kiingereza hawezi kuzisoma herufi zake, na akisomewa hafahamu maneno yake. Kila mjomba na kila shangazi ana usia wake mdogo, asioutunga kwa mashairi, bali huutoa jikoni, barazani au matangani. Huo nao humpita mtoto yule kama upepo.

Husemwa pia kuwa lugha nyingi humchanganya mtoto. Dai hili twalishangaa zaidi likitoka kwa mtu wa Mombasa. Mji wa Kale umejaa watu waliokua wakisema Kikachi na mama zao, Kiswahili na wenzao mitaani, na Kiingereza na walimu wao, wakawa wafanya biashara na mafundi wasioshindwa na hesabu wala na maneno. Ni kweli kuwa mtoto mdogo hutia neno la lugha hii katika lugha ile. Huko si kuchanganyikiwa. Mtoto huyo huyo hujua kuwa na babu husema hivi, na mwalimu husema vile. Na tangu mwaka 1953 shirika la UNESCO lilieleza kuwa lugha bora ya kuanzia kumfundisha mtoto ni ile ya mamake. Mtaala mpya wa Kenya, ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, nao wataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mahali pale. Ikiwa skuli nyingi za kulipia mijini hazifanyi hivyo, moja katika sababu zake ni kuwa sisi wenyewe twalipa ili zisifanye.

Wala tusisahau ubaya wa adhabu iliyokuwa mashuhuri katika skuli za nchi hii. Mtoto aliyetamka lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenziwe akikosa kama yeye, naye amvishe. Tazama mtoto huyu afundishwa nini. Afundishwa kuwa maneno ya mamake ni makosa, na kuwa njia ya kuokoka ni kumpeleleza rafiki yake. Skuli imsomeshayo mtoto Kiingereza kwa njia hii imemharibu tabia kabla ya kumpa lugha.

Sasa na tujitazame sisi watu wa vyuo, tusije tukawalaumu wengine tukajisahau. Watoto wetu wengi hukhitimu Msahafu na hawajui maana ya sura fupi wanazozisoma katika sala kila siku. Kusoma kwao kuna thawabu, hilo hatulipingi. Lakini Kitabu kimeteremshwa pia ili kizingatiwe. Na dawa tunayo toka zamani, nayo ni darsa. Sheikh huisoma ibara ya Safina kwa Kiarabu, kisha huifungua neno kwa neno kwa Kiswahili, na mwanafunzi huondoka na lugha mbili na maana moja. Huko ndiko kusomesha kwa lugha mbili, na misikiti yetu ya Lamu na Mombasa ilikuwa ikifanya hivyo kabla jambo hili halijapewa jina. Mtoto asiyejua Kiswahili, darsa hiyo humfungia pande zote mbili: Kiarabu hakijui, na ufafanuzi wake haufahamu. Akaja akaketi msikitini, katika mji wake, katikati ya jamaa zake, kama kiziwi.

Na uadilifu watutaka tuseme neno jengine, ingawa laweza kuwachoma baadhi yetu. Katika nyumba zetu wako akina mama Wadigo, Wagiriama na Wapokomo walioolewa mijini. Je, twawaacha waseme na wana wao kwa lugha zao, au twawacheka mpaka wanyamaze? Ikiwa twawacheka, basi twawafanyia wao yale yale tunayoyalalamikia sisi, wala hatuna uso wa kukilaumu Kiingereza. Sura ya Rum, katika aya yake ya 22, yahesabu khitilafu za ndimi kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, wala haikutoa lugha moja katika hesabu hiyo. Anayeidharau lugha ya mke wake na aangalie ni ishara ya nani anayoidharau.

Basi jambo tunaloliita si zito. Nyumbani mtoto asemeshwe kwa lugha ya mamake na ya babake, bila ya kuona haya. Chuoni asome Kiarabu na afasiriwe anachokisoma. Skuli asome Kiingereza kwa bidii, na asiridhike na nusu yake, wala asiadhibiwe kwa lugha ya kwao. Wahenga wamesema mkono mmoja haulei mwana. Na lugha moja katika zama hizi haimtoshi.

Na kwa mzazi ambaye mwanawe amekwisha kukua bila ya Kiswahili, twasema kuwa mlango haujafungwa. Mtoto husikia upesi pale anapopendwa. Ampeleke kwa nyanyake siku za likizo, awaache wenyewe, wala asiketi baina yao akifasiri. Siku za mwanzo watacheka na kuashiriana kwa mikono, kisha maneno yatakuja. Lakini na afanye haraka, kwani nyanya nao wana ajali yao, wala hawatungojei.