Je, Ua la Plastiki Linadanganya?

Maua ya bandia yanayopamba sebule nyingi hutengenezwa kwa plastiki au kitambaa cha poliesta, na shina lake huwa waya uliovishwa plastiki ya kijani. Siku hizi hata mishipa ya jani huonekana, na mengine hudondoshewa gundi angavu mfano wa umande. Kama jicho halitofautishi, ni uzuri gani uliopungua?

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aligusia suala hili mwaka 1790, katika kitabu chake kuhusu uamuzi wa uzuri. Katika mfano wake, mpenda maumbile anatazama ua, kumbe kuna mtu amelichomeka ardhini kwa siri, nalo ni la bandia. Akigundua, ule mvuto hutoweka hapohapo, ingawa rangi na umbo ni vilevile. Labda patabaki majivuno ya kupamba chumba ili watu waone. Kwa Kant, kilichomvuta mtu yule ni kujua kwamba ua limechipua lenyewe.

Hoja hiyo ni nzito, ila inasimama juu ya siri, na sebuleni siri haipo. Mwenye nyumba anajua alichonunua. Mgeni naye hung'amua mara aonapo vumbi juu ya majani na rangi iliyopauka upande wa dirishani. Milango ya kale ya Zanzibar imechongwa mitende na mayungiyungi, na hakuna aliyewahi kuiita uongo. Pambo linalojulikana kuwa pambo halimdanganyi mtu. Lina mipaka yake, bila shaka: asumini la plastiki halifai kutiwa kwenye kikuba, maana kikuba huvaliwa kwa ajili ya harufu.

Katika Uislamu swali huanzia kwingine, kwenye katazo la kutengeneza picha za viumbe wenye roho. Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari inaeleza kuwa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alimshauri mchoraji aliyeishi kwa kazi hiyo achore miti na vitu visivyo na roho. Kwa msingi huo wanazuoni wengi huruhusu mimea ya kuigiza. Mosaiki za Msikiti wa Umayya mjini Damascus, za mwanzoni mwa karne ya 8, zimejaa miti, mito na majumba, bila mtu wala mnyama.

Upande wa Ukristo, maaskofu Wakatoliki wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2000 kuhusu majengo ya ibada, walipendelea mimea hai kuliko ya bandia kwa sababu hukumbusha zawadi ya uhai. Hoja hii ina uzito zaidi kuliko ile ya udanganyifu, hata nyumbani. Mmea hai humdai mtu maji, mwanga na mkono wa kuondoa majani makavu; ukisahauliwa, hunyauka. Wa plastiki hudai kitambaa cha kufutia vumbi tu. Anayeishi katika chumba kisicho na dirisha, au anayedhurika na chavua, hana la kulaumiwa. Anayekwepa usumbufu wa kumwagilia hajamdanganya yeyote, ila amechukua sura ya mmea na kuacha ulezi wake.